Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Naandika shajara hii ili hasira yangu isipoe. Sina sababu nyingine. Katika familia yetu tuna maradhi ya kusamehe upesi: mtu anakukosea asubuhi, jioni unamvutia kiti anywe chai. Safari hii sitaki. Kila nitakapojiona nimeanza kulegea, nitafungua ukurasa huu na kusoma yaliyonipata leo.

Saa tano, chumba cha semina. Projekta inakoroma kama kawaida yake. Profesa anasimama, anakohoa, anatangaza kwamba "kijana wetu" ana matokeo ya kutikisa ulimwengu. Kijana mwenyewe ni yule mwanafunzi mpya wa uzamivu. Mimi humwita Marashi, kwa kuwa harufu yake hutangulia kuingia, kisha yeye hufuata. Anabonyeza kitufe. Ukutani unatokea mchoro wangu.

Wangu! Rangi nilizozichagua mimi. Kile kimshale chekundu nilichokichora mimi, kilichopinda kidogo kwa sababu siku ile nilikuwa na homa.

Niandike kwa utulivu, kama inavyompasa mtafiti. Gesi inayozaa nyota ni haidrojeni baridi, na haidrojeni baridi ni bubu: haitoi wimbi tunaloweza kulinasa. Hivyo tunamtafuta jirani yake, kaboni monoksaidi, ambaye hukaa naye nyumba moja na ambaye hanyamazi. Darubini ya redio inalinasa wimbi lake. Wimbi hilo huchomoza kwenye mchoro kama mstari mmoja mwembamba. Na kutokana na nguvu ya mstari huo tunakadiria gesi yote iliyomo ndani ya galaksi. Maelezo yake ni mepesi. Kazi yake ni ya kuumiza macho. Mwaka mzima nimeisafisha data ile. Nimezitoa antena mbovu moja baada ya nyingine. Nimezifuta kelele za satelaiti. Nimeurekebisha mvuke wa angani mpaka mstari ukajitokeza — mimi peke yangu chumbani, nikapiga ukelele, mlinzi akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Leo Marashi ameuita "mstari wetu".

Ukurasa wa mwisho wa maonyesho yake: shukrani kwa msaada wa kiufundi. Jina langu lilikuwepo. Chini ya jina la fundi wa viyoyozi.

Baada ya semina nilimfuata Profesa koridoni. Nilimuuliza kwa adabu zote kama jina langu litakuwa miongoni mwa waandishi wa makala. Hakusimama, alijibu huku anatembea. Binti, usiwe na pupa. Kijana anahitaji makala ili amalize shahada yake. Wewe hata hujaanza yako. Zamu yako ipo.

Zamu yangu ipo! Sawa, Profesa. Nimekusikia vizuri sana.


Jumanne, 4 Machi

Hasira ipo pale pale. Nimeikagua asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Ninaishi kwa dada yangu. Yeye ni msusi, na sebule ndiyo saluni, kwa hiyo siri ya nyumba hii haidumu zaidi ya kichwa kimoja cha nywele. Nimerudi nimenuna, dada ameuliza mbele ya mteja kuna nini. Nikaeleza kwa kifupi.

Mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akauliza gesi ninayoipima ni ya mtungi mkubwa au mdogo. Dada akamwambia ya huyu iko mbali, kuletewa nyumbani ni gharama. Wakacheka mpaka kitana kikaanguka. Shemeji naye, akiwa nyuma ya pazia, akasema basi nimuulizie bei ya jumla.

Nilitabasamu. Sikucheka. Baadaye dada alinifuata jikoni, akasema taratibu: mdogo wangu, huyo Profesa ndiye atakayetia saini nafasi yako ya uzamivu, au siye?

Ndiye.

Basi mezea, akasema. Mezea mpaka asaini.

Mimi si mtu wa kumezea. Lakini ni kweli: nafasi ni moja, mapendekezo ni yake, na mwisho wa kupokea maombi ni Mei.


Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekumbuka jambo, na limenifurahisha kwa namna ambayo si nzuri.

Ombi la muda wa darubini niliandika mimi, kuanzia neno la kwanza. Niliomba masafa mawili ya mawimbi. Sababu niliieleza aya nzima: molekuli ya kaboni monoksaidi inaporudi chini hushuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina mstari wake. Ukiona mstari mmoja tu, umejua kwamba kuna mtu kwenye ngazi, lakini hujui yuko kipandio cha ngapi. Unahitaji mstari wa pili. Bila huo hujui umbali wa galaksi, na usipojua umbali hujui kiasi cha gesi. Unabahatisha kwa lugha ya kitaalamu.

Profesa aliifuta aya yote. Nakumbuka kalamu yake ilivyopita. Alisema tutapoteza saa za darubini, mstari mmoja unatosha, rangi ya vumbi la galaksi itatuambia umbali. Nilijaribu kubisha. Akasema, binti, nilianza kazi hii wewe ukiwa unatambaa.

Sasa Marashi anaandika kwamba mstari ule ni wa kipandio cha tatu, kwamba mwanga wake umesafiri miaka bilioni kumi na moja, na kwamba galaksi ile ina gesi baridi nyingi kupita zote za enzi yake. Makala nzima imesimama juu ya neno moja: tatu.

Na kama ni kipandio cha pili?


Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda ofisini. Jengo tupu, mlinzi peke yake na redio yake. Ameniuliza kama sina ndugu wa kutembelea.

Wazo lilinijia wakati naosha vyombo. Data za darubini huwa za mwenyewe kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo huwekwa kwenye hifadhi ya wazi, na yeyote anaweza kuzichukua. Je, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuelekeza darubini upande ule ule wa anga kwa shughuli zake, hata bila kuijua galaksi yetu?

Yupo. Kikundi fulani cha mbali, miaka miwili iliyopita, walikuwa wakitazama galaksi jirani. Yetu imo pembezoni mwa picha yao, kule ambako darubini huona hafifu. Hawakuishughulikia kabisa. Na masafa yao — nilihesabu mara tatu — yanapita juu ya gigahezi mia na arobaini na nane. Ikiwa mstari wetu ni kipandio cha tatu, pale pasiwe na kitu. Ikiwa ni cha pili, pale ndipo cha tatu kinapopaswa kuwa.

Nimeanza kupakua. Ni mzigo mkubwa. Utachukua hadi kesho.


Jumatano, 12 Machi

Fundi wa kompyuta alinijia asubuhi, amevaa sura ya msiba. Bosi, umepakua nini? Diski imejaa, watu wote wanalia. Yeye humwita kila mtu bosi, hata mfagizi. Nikasema ni data za mazoezi. Akasema mazoezi haya ya kunyanyua vyuma au? Nikamwomba asinitangaze. Akasema yeye ni kaburi. Kaburi lenye mdomo, lakini sina mwingine.

Nimesafisha tangu asubuhi. Pembezoni kelele ni nyingi. Nilirekebisha, nikawianisha, nikalainisha, nikachora.

Upo.

Gigahezi mia na arobaini na nane nukta mbili. Mahali pale pale. Upana ule ule kama wa kwetu, mabega yale yale mawili ya gesi inayozunguka, moja linatujia na moja linatukimbia. Si kelele. Nimejaribu kuua mstari huu kwa kila njia ninayoijua na umekataa kufa.

Kwa hiyo ni kipandio cha pili. Galaksi iko karibu zaidi. Mwanga wake haufiki hata miaka bilioni tisa. Na ile gesi ya kuvunja rekodi — zaidi ya nusu yake haipo! Haikuwahi kuwepo. Imebaki galaksi nzuri, nene, ya kawaida, kama maelfu ya nyingine.

Nimekaa na tabasamu ambalo nashukuru hakuna aliyeliona. Marashi amekalia kuti kavu, na mimi peke yangu nasikia linavyolia.

Sitasema. Nimeamua. Waitume makala yao. Waitangaze. Kwenye mkutano mkuu wa Agosti, Marashi asimame jukwaani na suti yake, na wakati wa maswali nitanyanyua mkono. Nitasema: asante kwa mada nzuri. Nina swali moja dogo.


Ijumaa, 14 Machi

Makala imetumwa jaridani leo saa nane mchana. Profesa alituita sote ofisini kwake tushuhudie. Soda na biskuti. Akamwambia Marashi, haya bonyeza, mwanangu. Mwanangu!

Marashi akabonyeza. Sote tukapiga makofi.

Mimi pia. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, mpaka Katibu, mama anayeshika mihuri ya idara na asiyekosa kuona jambo, akanitupia jicho. Akasema, leo umefurahi wewe. Nikamjibu: mafanikio ya mwenzangu ni mafanikio yangu, mama. Akasema hee.

Orodha ya waandishi: Profesa, Marashi, na watu wengine wanne, wawili kati yao hata hawaijui galaksi iko upande gani wa anga. Mimi nimebaki kwenye shukrani. Fundi wa viyoyozi ameondolewa, kwa hiyo nimepanda cheo.

Soda ilikuwa ya moto. Niliimaliza yote.


Jumatatu, 17 Machi

Sina la kuandika isipokuwa kwamba nimelifanyia mazoezi swali langu mbele ya kioo. Sauti isiwe kali. Iwe ya mtu anayetaka kujifunza. "Naomba kuuliza, je, mliangalia gigahezi mia na arobaini na nane?" Kisha kukaa chini. Kukunja mikono. Kungoja.

Dada amegonga mlango wa bafu, akauliza naongea na nani humo ndani.


Ijumaa, 11 Aprili

Mambo yamepinduka. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi Katibu alinipigia: Profesa anakuhitaji sasa hivi, na uje bila kupitia popote. Nilimkuta amesimama dirishani. Marashi ameketi, mikono mapajani, hana harufu yoyote. Nadhani hakuwa hata amepita nyumbani kwake tangu habari ilipomfikia.

Jarida limejibu. Mhakiki mmoja ameisifu makala kurasa mbili, kisha akauliza jambo moja: mna uhakika gani kwamba mstari huu ni wa kipandio cha tatu? Bila maelezo ya kuridhisha, amesema, hatapendekeza ichapishwe.

Profesa akamgeukia Marashi. Nieleze jinsi ulivyolinganisha. Marashi akaitazama mikono yake. Basi eleza ulivyoondoa mng'ao wa vumbi chini ya mstari. Bado anaitazama mikono. Profesa akasema, kijana, nakuuliza habari ya data yako mwenyewe! Marashi akanitazama. Akasema kwa sauti ndogo: hiyo alifanya dada.

Dada! Mwaka mzima nilikuwa "msaada wa kiufundi", leo ni dada.

Nilidhani Profesa ataona haya. Hakuona haya hata kidogo. Yeye alipiga hesabu. Nilimwona anavyopiga. Alivuta kiti akaniketisha mwenyewe, akasema: binti, tulikosea kwenye mpangilio wa majina. Makosa ya harakaharaka. Andika jibu kwa mhakiki. Andika jibu ambalo litamnyamazisha. Jina lako litakuwa la kwanza. Na lile pendekezo la uzamivu naliandika wiki hii, wewe na si mwingine, na mkutano wa Agosti unakwenda kuzungumza wewe.

Jina langu. La kwanza. Peke yake mbele ya yote, kama ninavyoliandika kichwani tangu shule.

Nikasema: asante, Profesa.

Nilitoka pale nikasimama chooni muda mrefu na bomba limefunguliwa. Kwa maana huyo atakayesimama jukwaani Agosti, mbele ya yeyote aliyewahi kuchungulia hifadhi ya wazi — atakuwa mimi.


Jumamosi, 12 Aprili

Mama amepiga simu. Dada alikuwa ameshamwambia. Mama hajui galaksi ni nini, lakini anajua la kwanza ni nini. Alilia. Akasema baba yako angekuwepo. Nikasema ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Ndiyo.

Mteja wa dada, yule wa mtungi, amenipongeza kwa kunipa mkono wenye mafuta ya nywele.

Wateja walipoondoka nilimweleza dada yote. Mstari wa pili, ukimya wangu, makofi yangu. Alikuwa akifagia nywele. Akasimama na ufagio.

"Kwa hiyo umewachimbia shimo."

"Walijichimbia. Mimi sikuwaambia tu."

"Na sasa wamekupa wewe kiti cha ukingoni mwa shimo lenyewe."

Nikasema kiti cha mbele, dada. Cha mbele kabisa.

Hakucheka. Alisema: mimi mteja akinidharau, nasuka kichwa chake chote vizuri, namsindikiza mlangoni, halafu hanioni tena maishani. Sijawahi kumsuka mtu vibaya makusudi. Unajua kwa nini? Kwa sababu akifika barabarani watauliza amesukwa na nani.

Nilimwambia hayo ni mambo mawili tofauti. Akasema pengine. Akaendelea kufagia. Nimemkasirikia na yeye.


Jumanne, 15 Aprili

Nimeandika jibu kwa mhakiki. Kurasa tatu.

Ni zuri. Sijisifu, ni zuri kupita kiasi. Nimetumia rangi ya vumbi, nimetumia upana wa mstari, nimetumia galaksi nyingine zinazofanana. Nimeonyesha kwamba kipandio cha tatu "kina uwezekano mkubwa zaidi". Hakuna sentensi hata moja ya uongo ndani yake. Nimezipanga tu zile za kweli kwa namna ya kuzielekeza upande mmoja, kama mbuzi wanaosukumwa zizini. Mhakiki atakubali. Mimi mwenyewe, kama nisingejua, ningekubali.

Nimelisoma mara ya pili. Nilidhani kuandika hivi ni kipaji cha Profesa peke yake.

Nimerudi kusoma ukurasa wa tarehe tatu Machi, kama nilivyojiahidi. Hasira imewaka vizuri. Lakini sikujua niielekeze wapi. Wote niliotaka waanguke wamesogea nyuma ya mgongo wangu, wakanishika mabega, wanasubiri nitangulie.


Alhamisi, 17 Aprili

Marashi amekuja mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana. Wengine walikuwa wametoka. Hana marashi siku hizi. Itabidi nimtafutie jina jingine.

Alisimama kama mtu aliyefika hospitalini bila kadi. Akasema, dada, naomba dakika moja.

Nikasema karibu, kaka, kwa ule ukaribisho wa kumfanya mtu atamani kuondoka.

Akasema hakuomba kuwekwa pale. Siku ya kwanza alipewa mchoro na Profesa na kuambiwa huu ni wako, uuzoee. Alidhani ndivyo mambo yanavyokwenda hapa. Alipojua ni wa nani, aliona aibu kuuliza, na kadiri alivyochelewa, aibu ikazidi kunenepa. Sasa jina lake limeshushwa mpaka la tano na anashukuru.

Sikutaka asikike kama binadamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye majivuno. Na majivuno anayo, nimeyaona, yule kijana alikuwa akinitumia kama kamusi na kunipita koridoni kama nguzo! Nikamwambia hivyo hivyo: ulinipita kama nguzo. Akasema kweli. "Kweli" tu. Mtu akikubali hivyo unabaki na ngumi hewani.

Kisha akasema lile alilojia. Fundi wa kompyuta amemwambia, katika kupiga soga, kwamba mimi nilijaza diski mwezi wa tatu kwa data kutoka hifadhi ya wazi. Kaburi lenye mdomo! Akaenda kuangalia mwenyewe. Data zimefungwa kwa nywila yangu, lakini jina la faili linaonyesha upande wa anga. Na masafa.

"Gigahezi mia na arobaini na nane," akasema. "Nimehesabu, dada. Nimehesabu mara nyingi, mimi si mwepesi kama wewe. Pale pana nini?"

Nilimtazama. Niliona kwamba anajua pale pana nini. Alichokuwa hajui ni kama nitamwambia.

Nikasema: "Kwa nini hukumuuliza Profesa?"

Akasema: "Kwa sababu angeniambia niifute hiyo hesabu."

Hilo sikulitegemea. Nje mtu alikuwa akiburuta meza.

Nikamwambia nitamjibu. Akauliza lini. Nikasema atajua. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema yeye hatasema neno kwa mtu, ni juu yangu. Afadhali angenitishia! Anayekutishia unajua pa kumpiga. Huyu ameniachia uamuzi mkononi kama mtoto anayekupa kitu alichokiokota.


Ijumaa, 18 Aprili

Nimefika mapema. Nimeketi mbele ya kompyuta na madirisha mawili wazi: upande wa kushoto jibu langu la kurasa tatu, upande wa kulia mchoro wa mstari wa pili. Profesa alikuwa ameshatuma ujumbe asubuhi: jibu lako liko wapi, binti, jarida linasubiri. Na chini yake, bila kuombwa: pendekezo lako nimeliandika, limebaki saini.

Limebaki saini. Mtu yule hapotezi neno.

Nilifikiri hivi. Nikituma jibu, nitakuwa na jina la kwanza na nafasi ya uzamivu, na nitaishi kila siku nikimwogopa kila mwanafunzi wa kila nchi mwenye diski kubwa na Jumapili tupu. Nikinyamaza na kujiondoa, wataniita mtu wa kususa, na makala itakwenda na mwingine. Nikisema — basi nimesema, na hakuna jukwaa, hakuna Agosti, hakuna mkono ulionyanyuliwa polepole. Ni mimi, na karatasi, na mlango uliofungwa.

Sijapenda. Niliutaka ule ukumbi. Nilitaka watu mia mbili wamtazame.

Lakini nikawaza pia: aya aliyoifuta kwa kalamu yake. Mbele yangu, akaifuta. Nataka aisome tena. Nataka aisome kwenye mchoro, kwa sauti, akiwa ameketi na mimi nimesimama. Hilo bado laweza kupatikana bila jukwaa. Na hilo, niseme ukweli mahali hapa ambapo hakuna wa kunisikia, ndilo lililonisukuma zaidi kuliko heshima ya sayansi.

Saa sita na nusu nilituma. Niliuandika ujumbe kwa lugha safi kabisa, sikuweka alama hata moja ya mshangao:

"Mheshimiwa Profesa, nimepata mstari wa pili wa galaksi yetu katika data za hifadhi ya wazi. Unaonyesha kwamba mstari wa kwanza ni wa kipandio cha pili, si cha tatu. Hitimisho la makala halisimami. Naambatisha mchoro. Naomba tukutane, na naomba mwenzangu awepo."

Nilimwomba Marashi awepo kwa sababu nataka shahidi. Au nataka na yeye aonekane. Sijui. Nilipomwambia, alisema sawa, dada, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka — kicheko cha woga, kama cha mtu aliyesimama kwenye foleni ya sindano.

Saa saba, hakuna jibu. Saa nane, hakuna. Katibu alipita mlangoni kwangu mara mbili bila shughuli. Mara ya pili akasema: umemfanya nini mzee? Amefunga mlango na amekataa chai. Nikasema sijamfanya kitu, mama. Akasema hee. Ile hee yake.

Saa tisa na dakika chache simu ikalia. Ujumbe wake mfupi, mistari miwili tu. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Wa kwanza: "Umeupata lini?"

Wa pili: "Jumatatu, saa nne asubuhi, ofisini kwangu. Nyote wawili."

Nimejibu: "Tutakuwepo." Nimejibu haraka, kwa adabu, na nimejibu mstari wa chini peke yake.